Daktari Aliyeonja Maji

Sijapata kuona mikono misafi kama ya yule daktari, na mpaka leo nikiikumbuka mate hunijaa mdomoni, yale ya kutema. Kucha alizikata mpaka karibu na nyama. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa kuoshwa, kama ya mwanamke aliyeshinda mtoni anafua, ila yeye hakuwa amefua nguo ya mtu. Jina lake ninalo, sitalitaja. Ana wajukuu sasa, na wajukuu hawajanikosea kitu.

Tulijuana kwa sababu ya dagaa. Nyumba yetu ni Ujiji, na tangu nilipoachika nilikuwa nanunua dagaa kwa wavuvi, nawaanika, napakia magunia kwenye lori, napanda nayo mpaka ng'ambo ya Kidahwe, kwenye mji mdogo wa mlimani ambako ukungu hauondoki mpaka jua limeshakuwa kali kwetu huku ziwani, na watu huvaa makoti mwaka mzima. Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja: soko, msikiti wa bati, kanisa la matofali, ofisi ya chama, na hospitali ya wodi mbili. Huko ndiko alikoolewa mdogo wangu Mwajuma, kwa Waha, watu wapole wenye migomba na kahawa juu ya mgongo wa kilima. Siku ya soko nauza, usiku nalala kwa Mwajuma, kesho yake nateremka na maharage. Kila safari niliwachukulia watoto wake kashata, watoto watano, kashata tano, maana mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu.

Daktari alipoletwa, mji mzima ulitoka kumtazama. Tulizoea masista wa misheni waliopita na gari lao mara moja moja, na tabibu mmoja mzee aliyetibu kila kitu kwa dawa ya rangi ya zambarau. Sasa tunaletewa kijana, mweusi kama sisi, daktari kamili, ndiyo kwanza ametoka chuoni, na uhuru wenyewe una miaka kumi na kitu tu. Wanawake walipiga vigelegele. Yeye akashuka kwenye gari, akasalimiana na wazee wote, shikamoo hii na shikamoo ile, adabu tele. Halafu akaenda nyuma ya gari akanawa.

Tulimwona. Mji wa mtaa mmoja hauna nyuma ya gari.

Siku ya soko iliyofuata akaja kwangu. Akasimama mbele ya beseni, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hawa umewaanika wapi, Mama?"

"Mchangani, Dakta. Au ungetaka niwaanike kitandani?"

"Mchangani wanakotembea kunguru?"

"Kunguru wanatembea, mbuzi wanatembea, na viongozi wakija ziara nao wanatembea. Ufukwe hauna mlango."

"Na watu wanawala hivyo hivyo?"

"Wewe umekuja kuuliza bei au ukoo wa samaki?"

Akacheka. Nakiri alikuwa na kicheko kizuri, cha mtoto aliyelelewa. Akanunua makopo mawili bila kupatana, jambo lililonikera, kwa sababu mtu asiyepatana nawe anakuona huna akili au huna njaa. Nikamwongezea konzi moja ya mkono, kama ilivyo desturi. Akaniambia, kwa upole kabisa, nyongeza nibaki nayo. Alikuwa ameutazama mkono wangu. Nikairudisha konzi kwenye beseni, na toka siku hiyo akawa mteja wangu bora kuliko wote: anayelipa bei ya kwanza na hataki nyongeza. Jirani yangu wa mawese alisema, "Huyo ukimpata mwenzake niletee na mimi."

Maji ndiyo yalikuwa dini yake. Alitembea na chupa ya kijani ya jeshi begani, ndani yake maji aliyoyachemsha mwenyewe kwenye jiko la mafuta ya taa. Mtungi wa hospitali ulichemshwa, sufuria ya wodini ilichemshwa, na mtu akija na kidonda alifundishwa kuchemsha kabla hajatibiwa. Siku za soko alipanda juu ya kreti akahubiri. "Macho yako yanakudanganya," alisema. "Uchafu unaouona umekuhurumia. Usiouona ndio unaokuzika." Wanawake walimpenda na walimcheka. Walipopita nyuma ya nyumba yake wakauona moshi, waliulizana kwa sauti ili asikie:

"Leo Dakta anapika nini?"

"Anapika maji."

"Maskini, na mboga hana!"

Sitamnyima haki yake. Hospitali kabla yake ilinuka hivi kwamba mgonjwa alipona haraka ili aondoke. Alipokuta sakafu ya wodi ina makohozi hakumtuma mfagizi. Alipiga magoti mwenyewe, na koti lake jeupe, akasugua kwa brashi mpaka saruji ikaonyesha rangi yake. Wagonjwa walikaa vitandani wanamtazama kwa aibu. Ndiyo maana ninasema mtu huyu alijua. Angekuwa mjinga ningemsahau zamani.

Kile ambacho hakujua alifundishwa. Mzee, baba mkwe wake Mwajuma, alimwalika nyumbani miezi ya mwanzo. Mzee huyo ndiye watu wa kilima kile waliyemsikiliza. Hakuwa na cheo chochote, alikuwa na migomba mingi na maneno machache. Nilikuwepo, nakoboa maharage na Mwajuma pembeni. Mzee akajaza kibuyu rubisi, ile pombe ya ndizi, akapiga funda moja, akampa mgeni kwa mikono miwili. Mgeni akasema asante, mimi situmii, akafungua chupa yake ya kijani akanywa. Ilikuwa kama mtu aliyealikwa harusini akatoa pilau yake mfukoni. Mume wa Mwajuma akatazama chini. Mimi nikaacha kukoboa.

Mzee hakukasirika. "Mwanangu," alimwambia, "kwetu hapa mwenye nyumba huonja kwanza. Akishaonja amekwisha sema: kilichomo humu kama ni cha kukuua, kimeanza na mimi. Hatuna kiapo kikubwa kupita hicho."

Daktari akakaa sawa. Aliipenda habari ile, nilimwona, kama wasomi wanavyopenda mila wakiwa wanapita. "Ni kwa pombe tu, Mzee?"

"Pombe, maziwa, hata maji."

"Na asiyeonja?"

"Huyo amekupa kitu tu. Utajua mwenyewe."

Basi yule kijana akafanya jambo ambalo siku hiyo lilinipendeza. Aliinua chupa yake, akapiga funda moja, akampa Mzee kwa mikono miwili. Mzee akanywa, akayazungusha mdomoni, akameza.

"Haya maji yamekufa," alisema. "Lakini yameonjwa. Karibu kwetu, mwanangu."

Tulicheka wote mpaka Mwajuma akajishika kiuno. Kuanzia hapo Daktari akawa mtu wa nyumba ile. Alikuja na chupa yake, akaonja, akampa Mzee. Mzee akanywa maji yake yaliyokufa na kulalamika. Rubisi hakuigusa kamwe. Walipatana hivyo, na mimi, ninayejua kupatana, niliona pande zote mbili zimepata.

Halafu ile siku ya Mwajuma. Mimba ya mwisho, mtoto amekaa vibaya, ametanguliza miguu. Ilikuwa siku ya soko, mchana, mvua inanyesha hivi kwamba lori letu lilikuwa limezama kwenye tope nusu gurudumu. Walimleta kwenye machela ya miti, wanaume wanne wanateleza. Daktari alimtazama mara moja, akavua saa, akaingia. Yale niliyoyaona chumbani nayaacha huko huko. Nitasema tu kwamba mikono ile iliyoogopa konzi ya dagaa iliingia mpaka kwenye viwiko mahali ambapo wanaume wengine huzimia. Alikuwa anamsemesha Mwajuma muda wote: "Hapo hapo, mama, nusu saa nyingine tu," na nusu saa ilipopita akasema, "Nimekudanganya, bado kidogo." Mtoto akatoka wa bluu, akapigwa, akalia. Mvulana.

Nilipotoka nje nilimkuta Daktari ameketi kwenye ngazi za hospitali karibu na beseni langu, mvua inamrushia. Alikuwa anakula dagaa wakavu, hawajapikwa, na mchanga wao, kwa mikono ambayo hakuwa bado ameinawa vizuri. Nilimhesabia makosa yake kimya kimya. Nikakaa nikala naye. Kama dunia ingekuwa na adabu, mtu yule angehamishwa kesho yake, na leo ningekuwa nampigia dua.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Redio ilisema, ofisi ya chama ikasema, halafu Katibu akasema, na yeye alisema kwa sauti kubwa kuliko redio. Katibu wetu alikuwa mtu mfupi wa viatu vilivyong'aa, asiyekuwa mbaya sana mpaka umkute na orodha yake ya kaya. Watu wa migongo ya vilima washuke bondeni wakae pamoja, shule itajengwa, zahanati itajengwa, maji yapo. Shule sikatai. Mimi ni mtu wa mjini, napenda wateja wakikaa karibu karibu. Tatizo lilikuwa hayo maji.

Niliteremka na Mwajuma kuyaona. Palikuwa na kisima cha kienyeji chini ya bonde, shimo tu, ng'ombe wameponda ukingo wake ukawa uji. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya mgahawani, na juu yake utando unaong'aa kama mafuta ya taa. Mwajuma alichota kwa kiganja, akanusa, akakung'uta mkono kama aliyeshika panya. Kule juu walikuwa na chemchemi inayotoka mwambani, baridi, nyeupe. Wazee wakasema: hatukatai serikali, tunakataa bonde. Tuwekeeni kijiji kwenye mgongo wa kilima, penye chemchemi. Katibu akajibu kwamba ramani imekwisha chorwa.

Tumaini likabaki moja. Daktari aliteremka naye akayaona. Akarudi moja kwa moja kwa Mzee, akasema mbele yetu sote, mimi nikiwepo na masikio yangu mawili: "Haya hata kuogea sitayaruhusu. Mkishuka kule kabla ya kisima kuchimbwa na kujengwa, mvua ya kwanza mtazika watoto. Nitalisema mkutanoni."

Mzee akauliza, "Utalisema mbele ya Katibu?"

"Mbele ya yeyote."

Basi mji mzima ukasubiri mkutano. Wazee hawakuandaa hoja nyingine. Ya nini? Daktari wa serikali yenyewe atasimama aseme maji ni mabaya, na ramani itachorwa upya. Mwajuma hakufunga hata mzigo mmoja.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya hospitali, meza imefunikwa kitambaa, Katibu katikati, wakubwa wawili wa kutoka mkoani kushoto kwake, Daktari kulia. Koti jeupe limepigwa pasi. Mezani palikuwa na jagi la kioo na bilauri. Nilikuwa nimesimama mbele, pembeni, na nikaona maji ya jagi ni mekundu.

Katibu alisema mengi. Mwishoni akasema: "Wapo wanaopita wakieneza kwamba maji ya kijiji chetu kipya ni sumu. Maji haya hapa yamechotwa leo asubuhi. Sasa mimi si msomi. Msomi tunaye. Daktari, wananchi wanakusikiliza."

Daktari akasimama. Alimtafuta Mzee kwa macho, akampata, akaondoa macho. Akamimina bilauri, akaishika kwa mikono yote miwili, akanywa. Siyo funda, alikunywa nusu nzima, koo linapanda na kushuka tunaliona. Akaiweka chini. Wakubwa wa mkoa wakapiga makofi.

Upande wetu hakuna aliyepiga. Kisha Mzee akasimama na fimbo yake, akasema kwa Kiha, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie: "Ameonja. Tushuke."

Na watu wakaanza kuondoka kwenda kufunga mizigo. Hivyo tu. Katibu mwenyewe alishangaa. Alikuwa amejiandaa na maneno makali, na mgambo wamesimama nyuma, na hakuhitaji chochote. Yeye alidhani ameonyesha kioja cha sayansi. Hakujua alichowaambia watu wale. Aliyejua ni mmoja tu pale mezani, na ndiye aliyeishika bilauri kwa mikono miwili.

Beseni langu lilikuwa jikoni kwa mpishi wa hospitali. Nikazunguka nyuma kulichukua. Kwenye migomba ya nyuma ya jiko nilimkuta Daktari ameinama, mkono mmoja umeshika mgomba, vidole viwili vya mkono mwingine vimezama kooni. Maji yalimtoka mekundu vile vile kama yalivyoingia. Alijisukuma tena mpaka ikabaki nyongo. Akasukutua kwa chupa yake ya kijani, akatema, akasukutua. Alipoinuka tukatazamana.

"Mama Dagaa."

"Dakta."

"Umeona."

"Ulisema macho yanadanganya. Leo yamesema kweli."

Akafuta machozi, yale ya kutapika. "Wangehamishwa tu, Mama. Malori yapo Kidahwe tangu jana. Katibu aliniambia wazi: ama niwe daktari wa kijiji hiki, ama nikaeleze mkoani kwa nini napinga maendeleo. Nikiondolewa mimi, nani atawatibu?"

"Basi ungesema hapana, halafu wakahamishwa wakiwa wanajua."

Alitoa leso, akajifuta mdomo, na akaikunja: upande mchafu ndani, upande safi nje, kona juu ya kona, akairudisha mfukoni ikikaa vizuri. Nimeona watu wanatapika. Nimepanda na mitumbwi ziwani siku za upepo, kutapika si kitu. Ile leso ndiyo iliyonishinda.

Nilikwenda mbio kwa Mzee. Nilimkuta anakata vichipukizi vya migomba akavipande kule chini. Nikamwambia niliyoyaona, yote, na vidole, na rangi.

"Mama," akasema, "usimseme vibaya mtoto wa watu. Nimeliona koo lake likimeza."

"Amemeza, kisha ametapika, Mzee! Kwa makusudi!"

"Basi alikuwa mgonjwa. Mtu akitapika alichokionja amewatapika aliowaonjea. Nani anaweza kufanya hivyo?" Aliniuliza kwa dhati. Kisha akarudi kwenye vichipukizi vyake. Mimi wa Ujiji, ninayepima kila kopo kwa kudhani mwenzangu ameliwekea tako nene ili lijae upesi, nilikuwa nabishana na watu ambao hawakuwahi kufikiri kiapo kinaweza kutolewa nje kwa vidole viwili.

Mwajuma aliniamini. Alishuka bondeni ameniamini, akachemsha. Lakini bondeni miti hakuna, kuni ni mwendo, na nyumba zimepangwa mstari, watoto wa kaya zote wanacheza pamoja. Mtoto akipata kiu kisimani hunywa kisimani, kwa kiganja. Utamkataza vipi, wakati babu yake mwenyewe anachota hapo, anaonja, na kumpa?

Mvua za kwanza zikaja. Kile Daktari alichokisema nyumbani kwa Mzee kikatimia kama alivyokisema. Hakukosea hata kidogo, nasema tena, alijua. Kuhara kukaingia nyumba baada ya nyumba. Wodi zikajaa, mikeka ikawekwa barazani, na harufu ile ya zamani ikarudi. Naye alifanya kazi. Hilo ndilo linalonichefua kupita yote, kwa sababu siwezi kulifuta. Hakulala. Alibeba ndoo za choo mwenyewe, alikonda mpaka kola ikamzidi shingo, aliwavuta wengi kutoka kaburini, na watu walikuwa wanamshika mikono na kumshukuru. Aliwaacha waishike. Hata kunawa alikuwa amesahau.

Zaituni wa Mwajuma, msichana wa kuchota maji na kumbeba mdogo wake, alifikishwa asubuhi. Nilikuwepo. Daktari alipiga magoti mkekani akatafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo, akatafuta, akahamia mguuni. Mshipa ulikuwa umekauka. Mtoto alipofariki, Daktari akamgeukia Mwajuma, akamwuliza, kwa sauti yake ile ya upole:

"Mlikuwa mnachemsha maji?"

Mwajuma alimtazama tu. Nadhani ilikuwa kawaida yake ya kazi, aliwauliza wote hivyo. Ndivyo nilivyojaribu kujiambia. Haikusaidia.

Safari iliyofuata nilipanda na kashata kama kawaida. Watoto wakakaa mstari kwenye mkeka. Nikagawa, ikabaki moja. Nikahesabu watoto tena, mimi, ninayejisifu kwa kuhesabu.

Mwaka wa kwanza wa Daktari ulipokwisha alipandishwa cheo. Aliandaliwa sherehe ya kuagwa uwanjani pale pale, mbuzi alichinjwa, Katibu akasema daktari kama huyu huzaliwa mara moja. Mzee alimpa kibuyu chake, kile kile cha rubisi, kimesuguliwa mafuta. Daktari alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye taulo. Mzee alifariki baadaye bado anamwita mwanangu. Wote wawili siwasamehe, ila Mzee namwombea.

Miaka imepita. Mwajuma mumewe alikufa, akateremka Ujiji, tunaishi wote. Siku moja nipo sokoni napatana na mtu wa Simbo juu ya maharage, nasikia nyuma yangu: "Sauti hiyo naijua." Mwanamume mnene, miwani, suti, gari la serikali linamsubiri kivulini. Kabla ya sura niliiona mikono.

Alifurahi kuniona. Alifurahi kweli, na hilo lilinishangaza. Akataka dagaa wa kupeleka Dar es Salaam. Safari hii akapatana, vibaya lakini kwa bidii, na nilipomfungia kifurushi akasema, "Na nyongeza yangu, Mama? Au bado umeninunia?"

"Nyongeza hukuwahi kuitaka."

"Nilikuwa kijana." Akatazama chini. "Mdogo wako yupo?"

Sikujua namna ya kusema hayupo. Nikampeleka nyumbani, ingawa alivyotembea mbele ungedhani yeye ndiye ananiongoza. Mwajuma alikuwa uani. Alimtambua, akasema karibu, akaweka kiti. Daktari akauliza hali, akauliza shamba, akasimulia kazi yake ya wizarani: visima, alisema, wilaya nzima nzima za visima vya pampu, ni yeye aliyevisimamia. Nilimsadiki. Kisha akafika alipokuwa anaelekea.

"Na yule niliyemzalisha? Yupo?"

"Yupo," alisema Mwajuma. "Dereva wa treni."

"Ahaa!" Uso ulimchangamka wote, akageuka kwangu kama tunaofunga mauzo. "Dereva wa treni! Unaona, Mama?"

Niliona. Nimeuza maisha yangu yote, najua mtu anapoweka kitu kwenye upande mmoja wa mizani ili ule mwingine unyanyuke. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na huyo mtoto mmoja mkononi, amemtunza miaka yote, amlete atulipe. Nikamwambia mtoto si nyongeza, Dakta. Sidhani kama alinielewa. Au alinielewa, kwa maana alikohoa, na Mwajuma akainuka kwenda kumletea maji.

Alirudi na sinia, juu yake bilauri moja. Akamwekea mbele, akasimama. Hakuonja. Amekaa kwa Waha ujana wake wote, kuonja kumeingia mwilini mwake, hata mimi akinipa uji huonja kwanza mpaka namcheka. Siku hiyo hakuonja.

Daktari naye aliona. Alikuwa amenyoosha mkono, mkono ukasita. Akaichukua bilauri, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza taratibu kama alivyokuwa akitufundisha juu ya kreti. Maji yalikuwa meupe kabisa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Halafu akauliza, akiniuliza mimi, hakuweza kumwuliza yeye:

"Yamechemshwa?"

Bilauri haikuwa yangu kuisemea. Mwajuma alimsogelea, akaichukua mkononi mwake, akanywa. Hakufanya haraka. Alikunywa yote mpaka chini, akaipindua bilauri juu ya sinia, tone moja likatoka.

"Nachemsha," alisema. "Tangu kabla ya siku ile uliponiuliza."

Daktari akasimama. Akanyoosha mkono kuaga, mkono ule ule, mweupe kiganjani, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama. Ulikaa hewani muda mrefu.

Mwajuma alikuwa ameshika sinia kwa mikono yake yote miwili.